Kabla hujawasha projekta: kwa mwalimu mpya uliyepangiwa Mwanza

Karibu, mwalimu. Uwe umeripoti Ilemela au umevuka na kivuko mpaka Ukerewe, huenda ukakabidhiwa kishikwambi, kimojawapo cha vile vilivyohesabia watu kwenye sensa ya Agosti 2022 kisha serikali ikavigawa kwa walimu. Usikifungie kabatini. Ila usikimbilie nacho darasani.

Mimi nilikimbilia. Kipindi changu cha kwanza cha projekta kilikuwa saa nane mchana, Fizikia, kidato cha pili, wanafunzi sabini na kitu. Madirisha hayana pazia, jua limejaa ukutani, picha ya saketi inaonekana kama moshi. Nikatuma mtu kwa mama lishe akaazime khanga mbili. Kuzifunga dirishani, kutafuta waya unaofika kwenye soketi, robo saa imekwisha. Dakika zilizobaki nilibonyeza, wao wakatazama. Walifurahi kweli, na mwalimu wa taaluma aliyechungulia akanipongeza. Kesho yake nikawapa maswali matano kwenye karatasi. Waliopata lile la saketi sambamba, ile ambayo kila balbu ina njia yake ya umeme, hawakufika kumi.

Tangu hapo, kabla ya kuandika kifaa chochote kwenye andalio la somo, najiuliza: kikishawaka, mwanafunzi atakuwa anafanya nini? Kama jibu ni "anatazama", natumia chaki. Chuoni mlifundishwa hatua nne za Ruben Puentedura wa Marekani: kifaa kinachukua nafasi ya kile cha zamani, kinakiboresha, kinabadilisha kazi yenyewe, au kinaleta kazi ambayo bila hicho isingewezekana. Wengi wanazisoma kama ngazi ambayo lazima uipande hadi juu. Sikubaliani nao. Mimi hunisaidia kujikamata tu, maana notsi zilizohamishiwa kwenye slaidi ni ubao uleule, ila huu unakula umeme.

Mwaka uliofuata nilirudia mada ileile. Nilipakua majaribio ya kuigiza kwenye kioo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, ambayo ni ya bure na yakishapakuliwa hayahitaji bando. Nikakusanya vishikwambi vya walimu wenzangu, kimoja kwa kundi, na hakuna kugusa kabla ya kuandika ubashiri kwenye daftari: kwenye saketi sambamba, balbu moja ikiungua, ya pili itazima? Wengi waliandika itazima. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye sauti yake nilikuwa siijui, akauliza, "Sasa mwalimu, mbona kwetu ya sebuleni imeungua na ya jikoni inawaka?" Nikakaa kimya, darasa likabishana lenyewe, kisha wakaunganisha kwenye kioo wakaona.

Kupima usiache. Maswali matatu kabla ya mada, yaleyale baada ya wiki moja, kwenye karatasi. Shangwe za darasani zisikuhadae. Angalia pia nani anashika kifaa. Usipopanga zamu, wavulana wawili watakimiliki kipindi kizima na wasichana watabaki kuandika majibu.

Mengine ni ya kawaida: chaji usiku, pakua mapema, na uwe na mchoro wa ubaoni tayari kwa siku ambayo Luku ya shule imeisha.

Na nunua waya wako wa kuongezea umeme, mita kumi. Ule wa shule utaambiwa uko kwa mwalimu wa zamu, naye atakwambia ulikwenda kwenye mahafali haujarudi.