Umeniuliza habari ya treina, mimi nakujibu habari ya Bosco

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma jana usiku nikiwa nimeshazima taa, nikaiwasha tena. Umeuliza kitu kimoja tu, ati huyo mbwa wako wa ridgeback, hao wenye mstari wa nywele mgongoni, mwenye wiki tisa, apelekwe kwa treina wa mbwa akiwa na miezi mingapi, na kwamba kuna mtu hapo Kisumu anawachukua kuanzia miezi minne, anakaa nao miezi mitatu halafu anakurudishia mbwa ameiva. Hilo neno ameiva ndilo lilinikosesha usingizi, na ndio maana nakuandikia badala ya kukupigia, kwa simu ningeanza kukugombeza na wewe hujakosa kitu.

Kabla ya mambo ya treina, mshike huyo mbwa shingo. Mpakate akiwa na usingizi, uvute ngozi ya shingo juu kidogo kwa vidole viwili uisugue taratibu kama unatafuta uzi ndani ya pindo la nguo, uende hivo hivo mpaka mabegani pale mstari wa nywele unapoanzia, halafu umalizie kule nyuma karibu na mkia. Ukihisi kitu kama kamba nyembamba inatoka kwa ngozi inashuka ndani, hata kama huoni tundu, mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii hii. Huzaliwa nacho, na hawa mbwa wa mstari ndio wanacho kuliko wengine, ni kijitundu kinaweza kushuka mpaka karibu na uti wa mgongo kikaingia uchafu kikatunga usaha. Bosco, yule ridgeback wetu, hakuwa nacho. Babako alimpapasa siku ile ile tulimleta, chini ya ile taa ya jikoni, na tukafurahi sana tukafikiri kazi imeisha.

Sasa Bosco. Wewe ulikuwa boding, ulimjua kwa likizo tu, ulimkuta anachechemea ukaambiwa ni baridi ya Njoro. Haikuwa baridi mama. Tulikuambia hivo kwa sababu hakuna kati yetu aliyetaka kulisema lile lingine mezani.

Alikuja akiwa na wiki nane, rangi ya ngano iliyokauka, miguu mikubwa kuliko yeye. Mwaka ule nguruwe mwitu walikuwa wametumaliza kule chini kwa mto, wanaingia usiku wakati mahindi yana maziwa, asubuhi unakuta mistari mitatu imelala kama imepitiwa na trekta. Babako akasema hataki mbwa wa kubweka, anataka mbwa. Na mimi nilitaka awe mkubwa haraka, nakiri. Kila jioni kwa ugali wake na omena nilikuwa natia kijiko cha ile chumvi ya madini ya ng'ombe na unga wa mifupa juu yake, nikiona ng'ombe wanakaa vizuri nikajiambia mifupa ni mifupa. Alipanda kama mahindi ya mvua. Majirani wanasimama getini kumwangalia. Akiwa na miezi mitano mtu akatuelekeza kwa treina, 15,000 kwa mwezi, tukauza ndama.

Miezi mitatu. Tulipoenda kumchukua alitoka kwa banda akakaa chini bila kuambiwa, akaangalia mbele. Babako akapiga makofi. Mimi nikaona kitu sikukielewa, alikuwa haniangalii. Tukafika nyumbani, kesho yake asubuhi nikachukua ufagio nifagie veranda, ni kuuinua tu, yule mbwa akalala chini akajikojolea hapo hapo kwa saruji. Ufagio wangu wa kila siku. Na akisimama mguu wa mbele wa kushoto hauweki wote, anauweka kama mtu amevaa kiatu kina changarawe.

Baadaye kijana mmoja aliyekuwa anafanya kazi kwa yule treina ndiye alituambia mbwa walikuwa wanakimbizwa nyuma ya pikipiki, juu ya lami, kila asubuhi, ili wapate kifua. Kifua! Mbwa wa miezi sita.

Daktari wa mifugo hapo Nakuru mjini alimshika mguu akaukunja akaukunjua, akanieleza kwamba hawa mbwa wakubwa ncha za mifupa yao hubaki laini muda mrefu, mpaka karibu mwaka na nusu hivi ndio zinafunga, na mtu akimkimbiza sana au kumrusha-rusha kabla ya hapo kiungo kinakua vibaya. Halafu akauliza, anakula nini. Nikamwambia kila kitu pamoja na kile kijiko. Akaweka kalamu chini. Akasema papi mdogo hawezi kuikataa kalsiamu ikizidi, mwili wake unainyonya tu, na mbwa mkubwa anayekua haraka ndiye inamharibu mifupa kuliko mbwa yeyote.

Kwa hivyo ni nani aliyemvunja, ni yule na pikipiki yake ama ni mimi na kijiko changu? Miaka yote hii nalirudia. Siku zingine nasema ni yeye, alilipwa kujua. Siku zingine nasema hata kama asingekimbizwa hiyo mifupa ilikuwa imeshaharibika jikoni kwangu. Halafu nasema, wewe mama, ni nani alikuambia umtoe mtoto nyumbani? Kwa sababu mbwa mkubwa ni mtoto kwa muda mrefu. Hilo ndilo nataka ulishike hata ukisahau mengine. Ukimwona ana kilo thelathini na sauti ya kutisha unadhani ni mtu mzima, kumbe ni mtoto.

Lakini ngoja nikuambie usiku mmoja, ndio ujue una mbwa wa aina gani hapo kwako.

Unajua babako alivyopenda kueleza asili yao kila mgeni akiuliza ule mstari wa mgongoni, nywele zinazolala kinyume. Kwamba ni mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini waliochanganyika na mbwa wa walowezi, wakafika misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo, mwindaji Cornelius van Rooyen akawachukua hapo akawakuza kwa safari zake za simba, na mwaka 1922 watu wakakutana Bulawayo wakaandika vile anatakiwa awe, wakaiga mengi kwa maandishi ya mbwa Dalmatian. Mimi nilikuwa nachoka na hiyo hadithi. Lakini kipande kimoja nilikuwa nakisikiliza kila mara, kwamba hawakufugwa wamng'ate simba. Mbwa aliyemrukia simba alikufa siku hiyo hiyo na hakuacha watoto. Waliobaki ni wale waliojua kumzunguka, kumsumbua, kusimama mbali kidogo na kutoka kwa wakati, mpaka mwenye bunduki afike.

Sasa usiku huo Bosco alikuwa na miaka miwili na kitu. Hatukuwa tumemfundisha chochote tena, tulikuwa tumemwachia apone, alikuwa analala jikoni na sikuinua ufagio mbele yake. Kama saa tisa usiku, mvua imekata, nikasikia anabweka kule chini, na sio bweka yake ya getini, hii ilikuwa nzito, moja moja, kama mtu anapasua kuni. Babako akashika tochi na panga mimi nikamfuata na gumbuti za ndugu yako. Tukamkuta nguruwe mwitu dume amejibana kwa kona ya fensi, manyoya ya mgongo yamesimama, na Bosco hatua tatu hivi mbele yake. Hatua tatu. Nguruwe akiruka mbele Bosco anarudi, nguruwe akigeuka atoroke Bosco yuko hapo tayari. Hakumgusa hata mara moja. Tulisimama tukimwangalia sijui dakika ngapi, babako hata panga alilishusha. Nikaita, "Bosco, basi, kuja." Akaja. Akaacha yule mnyama akaja kwangu akaniegemea goti, masikio yamelowa matope, anatetemeka mwili mzima, na nguruwe akapita palipolegea fensi akaenda zake.

Hakuna mtu alimfundisha hiyo. Wala yule wa 15,000 hakumfundisha, yule alimfundisha kukaa na kuogopa ufagio. Kesho yake Bosco hakuweza kuinuka, siku tatu nilimlisha akiwa amelala kwa gunia, na hapo ndipo nililia, sio siku ya daktari. Nilikuwa nimeona vile angekuwa.

Najua utaniambia wewe sio wa kuwinda, na hakuna anayewinda, kuwinda kulishafungwa Kenya nzima mwaka wa 1977 na mimi sina shida na hilo, mnyama akiingia shambani unapigia watu wa KWS, wale wa wanyamapori. Lakini tabia iko ndani yake hata hapo kwako Riat, atamfanyia mbuzi wa jirani, atamfanyia mwenda bodaboda. Kwa hivyo masomo yake hayangoji miezi minne. Yashaanza. Mpaka kama wiki ya kumi na nne hivi kichwa kiko wazi, anachokiona sasa na asiumie hatakiogopa ukubwani. Hajamaliza chanjo, mwisho ni kama wiki ya kumi na sita, na parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, inaua, kwa hivyo usimweke chini sokoni, mbebe. Mbebe mpaka Kibuye asikie matatu, aone mwavuli ukifunguliwa, mzee mwenye fimbo, watoto wa shule wakipiga kelele, apewe kipande cha nyama arudi nyumbani. Kichwa kifunguliwe mapema, mwili ucheleweshwe. Asikimbizwe, asiruke kutoka kwa pikapu, matembezi mafupi alfajiri kabla jua la Kisumu halijachoma. Umgawie chakula mara kadhaa kwa siku, na hata akiwa mkubwa asile mlo mmoja mkubwa halafu akimbie, hao wenye kifua kirefu tumbo hujaa hewa likajipinda na kufika asubuhi ni bahati. Omena umchemshie, mgongo wazi wa kukaangwa, ile mifupa ya samaki aliyetolewa nyama, usimpe, inadunga. Na hakuna kijiko cha chochote. Hata nikija mimi mwenyewe nikikuambia ongeza, kataa.

Sasa hilo swali lako. Sisemi usimpeleke. Kuna treina wazuri, siwezi kuhukumu mtu wa Kisumu kwa makosa ya mtu wa huku, hiyo si haki, na wewe unafanya kazi mchana kutwa, nani atakaa naye. Labda ungemwomba yeye ndiye aje kwako Jumamosi akufundishe wewe, mbwa akiwa hapo. Ama umngoje afike mwaka. Ama, sijui, ukimpeleka na kila wikendi ukienda bila kusema unakuja. Babako angekuwepo angesema mpeleke, angesema mimi naongea kwa uchungu. Ni kweli naongea kwa uchungu. Uamuzi ni wako, mbwa ni wako, na mimi nimeshaandika kurasa nne bila kusema hapana, lakini unanijua.

Ukishampapasa hiyo shingo nipigie hata kama ni usiku. Halafu unitumie vidio akitembea kwa sakafu, umchukue akija kwako na akienda, nione anavyouweka mguu wa mbele.

Ni mimi mamako,
Njoro