Linta ikinyamaza si kwamba msimbo umepona

Swali: Assalaam aleikum, mwalimu. Sisi ni vijana watano hapa Kisauni, tunaandika mfumo wa kufuatilia mizigo kwa wakala mmoja wa forodha anayetoa makontena bandarini. Kila tukitaka kuunganisha kazi tunagombana: mmoja anataka nafasi mbili mwanzo wa mstari, mwingine nne, mwingine kitufe cha Tab. Tulichukua mipangilio ya ESLint (linta, yaani programu inayosoma msimbo wa JavaScript na kuonya makosa) ya kampuni moja kubwa ya ng'ambo, ikatutolea maonyo mamia kwa mamia, basi mwenzetu akaweka /* eslint-disable */, mstari wa kuinyamazisha, juu ya mafaili ili kazi isonge. Nimeambatisha kipande cha faili la ada. Tufuate mtindo wa nani?

Jibu: Waaleikumu salaam. Ugomvi wa nafasi mbili au nne umalizeni leo kabla ya magharibi. Wekeni Prettier, programu ya kupanga mwonekano wa msimbo, ipange kila faili linapohifadhiwa, na mjadala ufungwe. Programu hiyo ilitoka 2017 kwa kazi hiyo, na chaguo zake ni chache kwa makusudi ili watu wasipate la kubishania. Mradi mzima upangeni kwa mkupuo mmoja, siku ambayo hakuna tawi (nakala ya kazi) la mtu linalosubiri kuunganishwa, na badiliko hilo lisichanganywe na kazi nyingine yoyote. Kisha namba yake iandikeni kwenye faili la .git-blame-ignore-revs na mwielekeze Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko, ilisome. La sivyo, mkitafuta nani aliandika mstari wenye kasoro mtapata jina la aliyepanga tu.

Lililonishtua ni lile ulilolitaja kwa kupitia, la mwenzenu na mstari wake wa kunyamazisha. Tazama faili lenu la ada, chini kidogo ya mstari huo:

if (mzigo.hali = "umelipiwa") {
  toaKibali(mzigo);
}

Alama ya sawa ni moja. Hapo hamuulizi kama mzigo umelipiwa. Mnauandika kuwa umelipiwa, halafu mnautolea kibali. Katika JavaScript, maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli, kwa hiyo sharti hilo halimkatai mtu: aliyelipa atapita, na asiyelipa atapita akiwa na rekodi safi. ESLint ina kanuni ya kosa hili hasa, no-cond-assign, nayo imo katika kanuni za msingi ambazo wenyewe wanazipendekeza. Ingewaambia mara ya kwanza tu, lakini mlishaifunga mdomo.

Hapa ndipo subira yangu huisha, maana naliona kila wiki. Watu wamekaa na dhana kwamba linta ni ya urembo, kwamba kazi yake ni kusumbua watu kuhusu mikato na nafasi, na kwa hiyo kuizima ni kupunguza kelele. Programu ya kwanza ya jina hilo, lint, iliandikwa na Stephen C. Johnson huko Bell Labs mwaka 1978, na shabaha yake ilikuwa kunasa makosa katika programu za lugha ya C ambayo kikusanyaji (kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) kiliyaacha yapite. ESLint nayo mwaka 2023 ilitangaza kuachana na kanuni zake za mpangilio, ikawaachia akina Prettier. Kwa hiyo vitu hivi ni viwili: mpangilio mwachie mashine, na kwenye linta jadilini kosa tu. Kanuni inayopendekezwa ikiletwa mezani, anayeileta aonyeshe kosa itakalolinasa. Akikosa, iachwe. Mipangilio ya kampuni kubwa ilizaliwa na makosa yao na ukubwa wa timu yao. Nyinyi watano anzeni na kanuni za msingi, mwongeze mnapoumia.

Wanaodhani kosa la namna hii ni la wanafunzi wakumbuke Februari 2014, Apple walipotoa marekebisho ya haraka ya iOS, mfumo wa simu za iPhone. Mstari mmoja wa goto fail, yaani amri ya kuruka moja kwa moja hadi mwisho wa ukaguzi, ulikuwa umejirudia. Kwa macho ulionekana uko ndani ya sharti, kumbe uko nje na hutekelezwa kila mara, hivyo ukaguzi wa saini ya seva ukawa unarukwa. Msimbo uliofuata haukuweza kufikiwa kamwe, na hilo ni jambo ambalo chombo cha ukaguzi hulitambua bila taabu.

Ikilazimu kunyamazisha, nyamazisha mstari mmoja, taja kanuni yenyewe, na baada ya vistari viwili (--) andika sababu. Ukaguzi uwekeni kwenye seva pia, kwa kuwa kwenye kompyuta yake mtu huukwepa kwa --no-verify, chaguo la Git la kuruka ukaguzi.

Na sasa nawasema waganga wa msimbo, ambao mji huu hauwakosi: wanaofundisha vijana wikendi mbili na kuwapa "mstari wa kuondoa maonyo" kama hirizi. Wengine hufundisha hila ya no-empty. Kanuni hiyo ya ESLint hukataa catch tupu, yaani sehemu ya kushughulikia kosa isiyo na kitu ndani, lakini ukiweka maoni ndani yake, hata "sawa" tu, inaridhika. Malipo ya M-Pesa yakikwama, kosa linamezwa pale pale na hakuna anayejua mpaka mteja aje ofisini na ujumbe wake wa simu. Siku hizi kuna na wale wanaoiambia akili unde "ondoa maonyo yote". Onyo linaweza kuondoka na kosa likabaki, na wao hawasomi kilichobadilishwa.

Nawe unayelipia kazi, uwe wakala wa forodha au mwenye hoteli Nyali, huhitaji kujua JavaScript. Siku ya kukabidhiwa mfumo, mwambie fundi atafute neno eslint-disable katika mradi mzima ukiwa umekaa naye, akueleze kila mstari uliopatikana umenyamazisha nini na kwa nini. Asipoweza kueleza, malipo ya mwisho yasubiri.