Usiizime Simu Yake Haraka

Siku ya 9 baada ya kumzika mume wangu, simu yake iliita. Nilikuwa nimeiacha kwenye chaja, palepale alipozoea kuiweka, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuichomoa. Nikapokea. Sauti ya mwanamume ikasema, "Fundi, mbona kimya hivyo?"

Mume wangu hakuwa fundi. Alikuwa mhasibu.

Nikamwambia mwenye simu amefariki. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika, kisha akasema, "Shemeji, sasa dirisha langu nani atanimalizia?" Hapohapo akashikwa na aibu, akaanza kuomba radhi kwa maneno yaliyogongana. Mimi nilikuwa nimeshaangua kicheko, cha kwanza tangu msiba. Kulia kulikuja baadaye.

Huyo bwana ni mlinzi wa usiku, na alikuwa akijijengea nyumba kidogokidogo. Karibu kila Jumamosi, mume wangu aliponiaga kwamba anakwenda kunyoosha miguu, alikuwa kwake, akishika msumeno ambao nyumbani sikumwona nao hata siku moja.

Mazikoni nilisikia mara nyingi kwamba marehemu alikuwa mtu wa watu. Nashukuru kila aliyesema, lakini maneno hayo hayakunipa kitu cha kushika. Wasifu uliosomwa ulitaja alikozaliwa, alikosoma, alikofanya kazi, na kwamba ameacha mjane na watoto watatu. Kila kitu kilikuwa sahihi, na yeye mwenyewe hakuwamo. Yule mlinzi, kwa dakika 4 za simu, alinirudishia mume wangu zaidi ya hotuba zote za siku ile.

Kwa hiyo mwenzangu uliyefiwa na mume, la kwanza ninalokuambia ni hilo: usiizime simu yake haraka. Iweke na chaji, weka salio, laini isifungwe. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika kampuni huweza kumpa mtu mwingine, na hutapenda kuipiga siku moja ukaitikiwa na mgeni. Akaunti ya WhatsApp isiyotumika kwa kawaida hufutwa baada ya siku 120. Akaunti ya Google inaweza kufutwa ikikaa miaka 2 bila mtu kuigusa, na picha zilizohifadhiwa humo zikaondoka nayo. Mimi nilipona kwa sababu namba ya siri niliijua. Alitumia ileile kwa kila kitu, kosa ambalo nilimgombeza nalo miaka mingi. Kama mumeo yupo hai na unasoma hapa, muulize namba yake leo, hata akikutazama vibaya.

Anza kunakili sauti. Picha nilikuwa nazo mamia, lakini sauti yake nilianza kuisahau mapema kuliko nilivyotarajia. Siku moja nilijaribu kuisikia kichwani nikapata maneno matupu, bila mlio. Nilipopekua nikakuta jumbe za sauti 14. Ungedhani ni za mapenzi. "Nimefika." "Umelipa umeme?" "Naja, niko njiani," na najua kabisa wakati huo hakuwa njiani. Ninayoipenda kuliko zote ina sekunde 6: anakohoa, anasema "ngoja kwanza," basi. Nimeihifadhi sehemu tatu tofauti.

La pili, watafute watu, na uwaulize vizuri. Nilianza vibaya. Nilikuwa nauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?" nikajibiwa sifa zilezile: mkarimu, mpole, mcheshi. Nikabadili. "Mara ya mwisho mlipokutana mlifanya nini?" "Aliwahi kukukasirisha?" Hapo ndipo watu wanakaa sawa kwenye kiti. Nikaomba ruhusa ya kurekodi, nikaandika jina na tarehe kwenye daftari. Nenda mapema, maana wasimulizi nao wanahama, wanazeeka, wanaondoka. Nenda hata kwa waliogombana naye. Jirani mmoja hawakusemezana miaka miwili kwa ajili ya mpaka wa uwanja. Nilibisha hodi kwake nikiwa natetemeka. Akaniambia, "Alikuwa mbishi yule. Tulipokosana alikuwa na ngazi yangu. Aliirudisha usiku, akaiegemeza ukutani, wala hakugonga." Akatikisa kichwa. "Na aliifuta vumbi." Hadithi hiyo watoto wangu wanaiomba kila mara, kwa sababu wanamwona baba yao hasa.

Sasa nifike penye ugumu.

Zile Jumamosi zilikuwa zangu. Kwa miaka miwili nilimwomba anirekebishie mlango wa jikoni unaokwama, akawa anasema wiki ijayo. Kumbe anatengeneza dirisha la mtu. Nilipomaliza kucheka na kulia juu ya ile simu, nilikasirika, na hasira ilikaa wiki nyingi. Nilipowadokeza ndugu, niliambiwa marehemu hasemwi vibaya. Mwingine, aliyesoma kidogo, akanituliza kwamba majonzi yana hatua zake, mimi niko kwenye hatua ya hasira, itapita, inafuata nyingine. Nilitafuta habari za hatua hizo. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikaribia kufa wenyewe. Hazikuanza na sisi tuliobaki. Nikaacha kujipima nimefika ya ngapi. Lililonifaa zaidi ni la Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti walioandika mwaka 1999 kwamba mfiwa huenda na kurudi: mara yuko ndani ya majonzi, mara anashughulika na ada za shule na bomba linalovuja, na kule kurudi kwenye shughuli si kumsahau mtu. Mimi ndivyo nilivyokuwa, hata mara tatu kwa siku moja. Ila kama miezi 6 imepita na bado kila siku huwezi kula, kulala wala kushika kazi, nenda kamwone mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linautambua msiba wa namna hiyo kuwa hali inayohitaji tiba.

Hasira yangu ilitulia, kwa kiasi, siku mwanangu wa mwisho aliposikia wageni wakimsifu baba yake, akaninong'oneza, "Mama, huyo wanayemsema mimi simjui." Tangu hapo nyumbani tunamsema alivyo: mkarimu kwa watu, mzito kwa mambo ya nyumbani, mwongo wa kupindukia kuhusu "niko njiani." Mtoto hawezi kumkumbuka malaika. Anamkumbuka mtu aliyemchelewesha shule.

Kuhusu kumuenzi, nitasema kwa kifupi kwa kuwa nilikosea. Nilitaka kuibeba kila ahadi yake. Kamati aliyokuwamo nikaingia, waliokuwa wakimletea barua wasomewe na wajibiwe nikawapokea, wadaiwa na wadai nikakaa nao. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimechoka hadi watoto wakawa wanapikiana. Kamati niliiachia wenye kamati. Barua sasa zinaandikwa na mwalimu mstaafu aliyejitolea mwenyewe, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wa marehemu. Nilibakiza kitu kimoja tu, lile dirisha.

Simu bado inaita, siku hizi mara chache. Nimejifunza nisitangulize habari ya kifo. Kwanza nauliza, "Ulikuwa unamtafuta kwa lipi?" namwacha aseme, ndipo namweleza. Ukianza na kifo, mtu hupoteza alichotaka kusema, akabaki na pole tu.

Dirisha lilimalizwa na kijana wangu mkubwa pamoja na yule mlinzi. Hakuna kati yao aliyejua kupima. Fremu ya kwanza ilikuwa kubwa kwa upana wa vidole viwili, ya pili ikawa ndogo, ya tatu ikaingia kwa kupigwa nyundo. Nilikwenda kuliona. Linafunguka na kufunga vizuri kabisa, kuliko mlango wangu wa jikoni.