Maswali na majibu: Mbwa aliyezoea kutoka nje anapoanza kukojoa ndani

Safari hii ni mkojo mtupu. Barua zimejaa na nyingi zinafanana hadi nukta, kwa hiyo nimechagua chache zinazobeba nyingine zote. Nimezifupisha bila kuzigeuza maana.

Mbwa wangu alikuwa anatoka nje vizuri. Sasa anakojoa ndani. Nifanye nini?

Barua nzima ndiyo hiyo. Mbwa hana umri, hana jinsia, na mkojo wenyewe hatujui kama ni dimbwi au ni matone. Nimeshaomba na leo naomba tena: unapoandika, sema ni dume au jike, ana miaka mingapi, amehasiwa au bado, na kama ni jike asiyehasiwa, lini alikuwa kwenye joto, yaani kipindi cha kutaka dume, mara ya mwisho. Sema mkojo unaukuta wapi: pale alipolala, ubavuni mwa kochi, au mlangoni anaposimama akiomba kutoka. Je, anajua kuwa anakojoa, au anaamka kalowa na kushangaa? Anakunywa maji kuliko zamani? Kuna dawa ameanza?

Hilo la dawa wengi huliruka. Prednisoloni anayopewa kwa muwasho wa ngozi humfanya anywe na kukojoa kupita kawaida, na furosemidi ya wagonjwa wa moyo kazi yake hasa ni kumkojoza. Wapo watu wanaomchapa mbwa jioni kwa sababu ya kidonge walichompa wenyewe asubuhi. Ukigundua ndivyo, usikatishe dawa kienyeji, hasa prednisoloni, ambayo hupunguzwa taratibu. Mpigie aliyeiandika.

Kwa hayo machache uliyonipa, mbwa mzima aliyekuwa na adabu ya choo akaipoteza ghafla ni mgonjwa mpaka vipimo viseme vinginevyo. Mkojo uende kwa daktari wa wanyama kwanza. Mkufunzi atasubiri.

Shikamoo daktari. Mbwa wetu jike, miaka minne, hajahasiwa, alikojoa kitandani kwangu siku moja tu baada ya kumgombeza kwa kutafuna kiatu. Amerudia mara kadhaa. Nikirudi kazini ananiangalia kwa aibu, masikio chini, anajua kabisa alichofanya. Sasa nimemhamishia uani. Nimkomeshe vipi huu ukorofi?

Marahaba. Hakuna ukorofi hapo, na kisasi ndiyo dhana iliyowaponza mbwa wengi kuliko maradhi yenyewe. Mfikirie huyo mbwa wako mkitoka kutembea: kila kichaka anasimama, pua chini, anasoma mkojo wa mbwa wengine kwa raha zake. Kwake mkojo ni habari. Uchafu na matusi mmeuwekea ninyi. Atautumiaje kukutusi?

Na hiyo aibu unayoiona ilishachunguzwa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alichapisha jaribio ambalo mbwa walikatazwa kula kipande cha chakula, kisha mwenye mbwa akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hakula, na mara nyingine aliambiwa uongo. Ule uso wa kosa haukufuata kosa. Ulifuata kugombezwa, na waliouonyesha zaidi ni wale ambao hawakula kitu wakagombezwa bure. Masikio yanayoshuka ukiingia mlangoni yanasoma uso wako na hatua zako. Shuka la asubuhi halimo.

Sasa turudi kwenye kibofu, maana ndicho ulichopaswa kuniuliza. Jike ana mrija mfupi wa mkojo na bakteria hupanda kwa urahisi, ile mnayoiita UTI. Dalili zake ni kwenda mara nyingi, kutoa kidogo kidogo, kujilamba sana, pengine tone la damu. Kibofu kikiwaka moto mbwa hafiki mlangoni, anakojoa pale alipo, na kama alikuwa kitandani kwako ndiyo basi. Jambo la pili: majike wanaokaribia joto au walio kwenye joto hukojoa mara kwa mara ili kuwaarifu madume. Angalia kalenda. La tatu ndilo linalonitisha: ikiwa joto limepita wiki chache hadi miezi miwili hivi, naye anakunywa maji sana, amepoa, hataki kula, anatoa uchafu ukeni au hata hatoi, huenda mfuko wa uzazi umejaa usaha. Huo unaua. Hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Mtoe uani umpeleke apimwe.

Je, kumsugua pua kwenye mkojo wake kunasaidia?

Hapana. Swali hili nisiletewe tena.

Mbwa wangu anainua mguu, anajikamua, anazunguka, anainua tena, hakitoki kitu au yanatoka matone. Ni Jumamosi. Naweza kusubiri Jumatatu?

Huyu nilimjibu papo hapo, naliweka hapa kwa ajili ya wengine: usisubiri hata jioni. Mrija wa mkojo wa dume hupita kwenye mfereji mwembamba wa kijifupa cha uume, na jiwe la kibofu likifika hapo hukwama. Mkojo ukikosa njia, sumu hurudi kwenye damu, kibofu kinaweza kupasuka. Usimlazimishe maji na usimkandamize tumbo. Tofautisha na mbwa anayekojoa hovyo: huyu anajaribu na hatoi. Watu huliita hilo kufunga choo, wakampa mafuta ya kula, na saa zinakwenda.

Jike wangu mkubwa wa miaka saba, alihasiwa akiwa mdogo. Akiamka nakuta duara la unyevu alipolala. Mchana akiwa macho anatoka nje kama kawaida. Mume wangu anasema ni uvivu wa uzee.

Mwambie mzee wa nyumba kwamba miaka saba siyo uzee wa kujikojolea, na aliyelala hawezi kuwa mvivu. Wewe umeniandikia vizuri, umenipa karibu utambuzi mzima kwa sentensi tatu.

Huyo anavuja. Majike waliohasiwa hupungukiwa na homoni ya estrojeni, na kwa baadhi yao msuli unaofunga mlango wa kibofu hulegea, pengine miaka mingi baada ya upasuaji, ndiyo maana hakuna anayeunganisha mambo hayo mawili. Huwapata zaidi mbwa wakubwa kimwili, na unene huzidisha. Akiwa macho anakaza, akilala msuli unaachia. Pima kwa mkono wako: gusa manyoya ya nyuma ya mapaja na kitandiko mara tu anapoamka. Kama yamelowa na yeye mwenyewe ananusa pale kwa mshangao, basi ni kuvuja.

Mkojo upimwe kwanza, kwa sababu maambukizi hupenda kumpanda mbwa anayevuja. Kisha zipo dawa. Fenilpropanolamini hukaza ule msuli, ingawa haifai kwa mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo, na ipo estrioli inayorudisha sehemu ya homoni. Wengi hukauka kabisa, ila wengi pia huhitaji dawa maisha yote, na mwenye mbwa huacha kumpa akishaona kitanda kikavu, halafu ananiandikia kwamba dawa imeshindwa.

Kuna watakaosoma hapa waseme afadhali wasihasi. Sikusema hivyo. Ule usaha wa mfuko wa uzazi nilioueleza juu humpata asiyehasiwa. Zungumza na daktari wako kuhusu umri wa kumhasi, hasa kama ni wa mbegu kubwa, na usikubali kuharakishwa na mtu asiyempima.

Nimeanza kumnyima maji kuanzia saa kumi jioni na usiku sasa hakojoi. Mbona madaktari hamtuambii njia hii rahisi?

Kwa sababu inaua mbwa. Mwenye figo zinazochoka, mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa tezi za juu ya figo, hawa wanakunywa kwa kuwa mwili unapoteza maji. Wanakojoa kwanza, kiu inafuata. Ukiondoa bakuli, mkojo unaendelea na mbwa anakauka. Kitu ulichofaulu kukificha ni dalili.

Rudisha bakuli leo, kisha mpime. Jaza maji kwa chombo chenye alama za mililita, andika ulichoweka, na baada ya saa 24 pima kilichobaki. Kama una mbwa wawili watenganishe siku hiyo. Gawanya alichokunywa kwa kilo zake. Mbwa anayepita mililita 100 kwa kila kilo kwa siku anakunywa kupita kiasi: wa kilo 10 akimaliza lita nzima, hilo si joto la msimu, ni safari ya maabara. Walio wengi hunywa karibu nusu ya hapo, na wanaokula chakula chenye unyevu hunywa pungufu zaidi. Namba hiyo ukimpelekea daktari wako utakuwa umemwokolea nusu saa ya kubahatisha.

Dume wa miaka miwili, mzima wa afya, hajahasiwa. Tangu tulete mtoto mchanga anainua mguu kwenye kigari cha mtoto, kwenye pazia, kwenye begi la wageni. Kidogo tu kila mahali.

Kidogo, kwenye kitu kilichosimama, chenye harufu mpya: anatia alama. Hana wivu na mtoto, wala usianze kumtenga naye kwa hofu ya kuambiwa hivyo na majirani. Nyumba imebadilika harufu na yeye anaijazia yake. Hata hivyo mkojo upimwe mara moja, kwa kuwa dume asiyehasiwa mwenye tezi dume iliyovimba naye hutoa kidogo kidogo.

Kumhasi hupunguza tabia hii kwa wengi, ila aliyeizoea kwa muda mrefu anaweza kuendelea nayo. Wakati unaamua, ondoa begi sakafuni, mfunge kamba nyepesi awe karibu nawe ndani ya nyumba, na akianza kunusa kwa kukazia mahali pamoja mwite, mtoe nje, akikojoa huko mpe kitu kitamu palepale. Palepale, usingoje mrudi ndani, maana hapo atadhani amesifiwa kwa kuingia mlangoni.

Nimepiga deki kwa dawa kali ya kung'arisha, harufu imeisha kabisa, lakini anarudi palepale.

Imeisha kwako. Pua ya mbwa haimo katika mashindano yako. Dawa zenye amonia zinanukia kama mkojo na zinamkaribisha tena. Dawa ya klorini juu ya mkojo mbichi hutoa hewa inayochoma mapafu, ya kwako na ya mbwa, na ukizichanganya hizo mbili kwenye ndoo moja unaweza kulazwa. Kausha kwanza kwa kukandamiza na kitambaa, usisugue. Kisha tumia kisafishio chenye vimeng'enya vinavyovunja mkojo wenyewe, kimwagie hadi kifike kwenye sifongo ya kapeti, na ukiache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Watu hupuliza na kufuta hapohapo, halafu wanalaumu dawa.

Vaeni glavu. Mkojo wa mbwa unaweza kubeba bakteria wa leptospirosi, wengine huiita homa ya mgunda, ambayo binadamu huipata pia. Chanjo ya mbwa ipo na hurudiwa kila mwaka, ila wengi wenu mnaikumbuka ya kichaa cha mbwa tu.

Mtoto wa mbwa wa miezi mitano anajikojolea kila baba mwenye nyumba akiingia na kumsalimia kwa sauti. Anajibana chini, mkia katikati ya miguu.

Anamheshimu kupita kiasi. Baba aingie kimya, asimwinamie, asimtazame machoni, achuchumae ubavu na amwache aje mwenyewe. Wengi huacha wakikua. Akigombezwa itaongezeka, kwa sababu hofu ndiyo inayomkojoza.

Mbwa wetu wa miaka 13 anasimama kwenye kona akiutazama ukuta, usiku anazunguka, na anakojoa popote bila hata kututazama. Watoto wanasema amechoka kuishi.

Amechanganyikiwa, na hilo ni tofauti na kuchoka kuishi. Mbwa wazee hupatwa na upungufu wa akili unaofanana na ule wa wazee wetu: wanapotea ndani ya nyumba waliyokulia, mchana na usiku vinageuka, mafunzo yanafutika. Hauponi, lakini kuna dawa kama selegilini na kuna chakula maalumu vinavyowasaidia baadhi.

Kabla ya kukubali hukumu hiyo, hakikisha figo, kisukari, kibofu, na viungo. Mtazame anavyoinuka: kama anasukuma kwa miguu ya mbele huku nyonga zinatetemeka, na vigae vinateleza, pengine anajua mlango ulipo ila hawezi kuufikia kwa wakati. Mtandikie mikeka ya kukanyaga hadi mlangoni, mtoe mara nyingi zaidi, usiku pia. Maumivu yake yana dawa za mbwa. Ibuprofeni yenu ya kabatini itamtoboa tumbo na kuumiza figo, na paracetamoli ya kumkadiria kwa macho inaweza kumharibu ini.

Anakojoa tukiondoka tu. Tukiwepo hatoi hata tone.

Mrekodi kwa simu mkiwa nje. Akihema, akilia, akikwangua mlango, ni hofu ya kuachwa peke yake na inatibiwa kwa hatua, pengine na dawa. Akilala saa tisa mfululizo kisha akakojoa, mmemwacha muda mrefu mno. Jaribuni wenyewe.

Vipi pampasi?

Kwa anayevuja na aliyeshapimwa, sawa, ibadilishwe mara kwa mara na ngozi ioshwe. Kwa wengine wote ni kufunika.

Nina antibayotiki zilizobaki za mwaka jana. Nianze nazo huku nikisubiri miadi?

Hapana. Dozi nusu huficha bakteria bila kuwamaliza, na mkojo ukioteshwa maabara hautaonyesha kitu.

Umesema tupeleke mkojo. Nitaukingaje? Kila nikisogea na kopo anakimbia.

Swali zuri kuliko yote, na limeulizwa na mtu mmoja tu. Chukua ule wa kwanza wa asubuhi, kabla hajala. Mfunge kamba fupi usimfukuze uwanjani. Kwa dume kopo safi linatosha. Kwa jike tumia sahani bapa au upawa wenye mpini mrefu, ukae nyuma yake ukitazama pembeni, mwache aanze, kisha uuteleze chini. Ukiuingiza mapema mno hukatiza, kwa hiyo hesabu kimya hadi mbili ndipo uingize. Vijiko viwili vya chakula vinatosha. Mimina kwenye chupa kavu yenye kifuniko, siyo iliyokuwa na jamu au dawa ya kikohozi, maana sukari iliyobaki humo itampa mbwa wako kisukari cha karatasini. Ufike ndani ya saa moja, la sivyo uuweke kwenye friji. Andika saa uliyoukinga juu ya chupa. Kama daktari anataka kuotesha bakteria, atauvuta mwenyewe kwa sindano moja kwa moja kutoka kwenye kibofu. Mbwa wengi hawashtuki hata kidogo, wanaoshtuka ni wenye mbwa.