Kurekodi watoto wakikua: uzoefu wangu wa miaka 13 hapa Kigoma

Mwenzetu aliyeanzisha uzi huu ameeleza kwamba amekuwa akimrekodi binti yake kwa simu tangu alipozaliwa, na kwamba sasa binti huyo ana miaka tisa na huficha uso kila anapoona simu imeinuliwa. Anauliza kama aendelee kwa siri au aache kabisa. Ninajibu nikiwa baba wa watoto watatu ambao nimekuwa nikiwarekodi tangu mwaka 2012: kwa siri usirekodi hata dakika moja.

Hilo nilijifunza kwa kumuumiza mwanangu wa pili. Alipokuwa na miaka saba nilimrekodi akilia wakati bibi yake akimng'oa jino kwa uzi, nikaituma video hiyo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ndugu mmoja aliisambaza, na kabla ya wiki kwisha ilikuwa imefika kwenye simu za wazazi wa wanafunzi wenzake, na wanafunzi hao wakaigiza kilio chake uwanjani muhula mzima. Niliifuta kwangu, lakini nisingeweza kuifuta kwenye simu za watu nisiowajua. Nilimwomba radhi mbele ya ndugu zake, na tangu hapo video haitoki nyumbani bila ridhaa ya anayeonekana ndani yake, na yeyote akisema "zima", simu huzimwa papo hapo. Alikataa kurekodiwa kwa mwaka mmoja na nusu. Pengo hilo lipo mpaka leo na silijutii, kwa sababu alirudi kwa hiari yake, akaniomba nimrekodi akipiga mbizi ziwani.

Jambo la pili ni kile unachokirekodi. Video za keki na za mahafali ninazo nyingi, na wanangu hawaziombi kabisa. Wanayoiomba kila mara ina dakika nne: marehemu mama yangu ameketi mkekani akichambua maharage, na binti yangu mkubwa, aliyekuwa na miaka mitatu, anavirudisha vijiwe kwenye ungo kila vinapotolewa, huku mama akimkanya kwa Kiha na kushindwa kuzuia kicheko. Nilikusudia kumrekodi mtoto tu. Sauti ya mama iliingia kwa kuwa alikuwepo. Mdogo wao wa mwisho, aliyezaliwa baada ya msiba, amejifunza kuamkia "mwakeye" kutoka katika video hiyo, na huitamka kwa lafudhi ya bibi ambaye hakumkuta.

Vilevile, kila likizo ya katikati ya mwaka tunakwenda Kibirizi na watoto husimama pale pale ufukweni. Katika video za mwanzo wanasimama kwenye mchanga mpana, nyuma yao dagaa wameanikwa. Katika zile za baada ya Ziwa Tanganyika kupanda, inabidi wasimame hatua nyingi nyuma, kwa sababu mahali petu pamefunikwa na maji. Ningewarekodi sebuleni tu, hilo lisingekuwa katika kumbukumbu zao.

Kuhusu kuhifadhi nitasema kwa kifupi. Dakika moja ya video nzuri inaweza kuzidi megabaiti 100, hivyo simu hujaa haraka, na video iliyopitia WhatsApp hupungua ubora. Nilipoteza miezi minane ya video baada ya fundi kufuta simu yangu bila kuniuliza. Sasa ninazo diski mbili za nje, moja nyumbani na nyingine kwa dada yangu Tabora, na kila faili lina tarehe.

Kwa binti yako, ninashauri ukae naye jioni moja mtazame zote, umruhusu kufuta asizozipenda, kisha umpe simu akurekodi wewe, kwa kuwa nina hakika huonekani humo hata mara moja. Binti yangu mkubwa alipomaliza kidato cha nne mwaka jana nilimkabidhi diski yenye video zake. Alikaa nayo siku mbili, akafuta kumi na moja. Aliniandikia tarehe za video hizo kwenye karatasi, nami nikampigia simu dada yangu Tabora azifute na kwake bila kuzifungua.