Nasugua masufuria baada ya kusaini kutoka: je, naweza kujilipa mwenyewe?

SWALI

Assalaam alaykum shekhe. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ujiji. Nafanya kazi kwa malipo ya saa kwa watu wanaopika chakula cha semina na harusi hapa Kigoma. Tunaingia saa kumi na mbili asubuhi. Saa tisa alasiri msimamizi anatusainisha kutoka, halafu anaturudisha nyuma kusugua masufuria mpaka saa kumi na moja. Masaa hayo mawili hayaandikwi. Sahani ikivunjika, hata kama kaivunja mgeni, tunakatwa wote. Mwenzetu aliyehoji hapangiwi tena zamu. Jumapili nilifunga migebuka miwili iliyobaki, hawa samaki wa ziwani kwetu, nikaenda nayo nyumbani, nikajiambia nimejilipa. Tangu hapo sina raha. Je, ni halali? Na nikimweleza mtu mambo ya msimamizi, nimesengenya?

JIBU

Wa alaykum salaam warahmatullah, binti yangu.

Nianze na msimamizi, maana wewe umebeba migebuka miwili kama mzigo wa dunia na lake ukalipita haraka. Amepokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra kwamba Mwenyezi Mungu amesema watu watatu atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama: aliyetoa ahadi kwa jina Lake kisha akaihini, aliyemuuza mtu huru akala thamani yake, na aliyeajiri mtu, akapata kazi yake yote, asimpe ujira wake. Tazama mla ujira alivyoketishwa ubavuni mwa muuza watu. Sisi wa Ujiji, mji uliopitiwa na misafara ya watumwa kwenda pwani, hatuhitaji kufasiriwa maana yake.

Atasema mlisaini wenyewe. Basi asome Suratul Qasas, aya ya 27 na 28. Mzee wa Madyan alimwajiri Nabii Musa miaka 8, akamwambia akitimiza 10 hiyo ni hiari yake, na kwamba hataki kumtaabisha. Ile ziada ikabaki mkononi mwa mfanyakazi, na wakapatana kabla kazi haijaanza. Ziada inayotolewa kwa kuogopa kukosa zamu kesho haina hiari ndani yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo haiko mbali na hapo: masaa ya kawaida hayazidi 9 kwa siku wala 45 kwa wiki, ziada ni kwa makubaliano, na hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida.

Kuhusu sahani, mkono wa mwajiriwa ni mkono wa amana. Halipi ila akizembea au akikusudia. Mgeni akivunja, wewe unahusikaje?

Sasa migebuka. Hind binti Utba alimlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi cha kumtosha. Akaambiwa achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wakaruhusu, kwa masharti, aliyenyimwa haki yake achukue kadiri ya haki hiyo. Wengine wakazuia, wakishika hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi: mrudishie amana aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini. Nimekueleza yote mawili ili usidhani nakuficha. Lakini kwako wewe nasema usichukue. Haki yako ni ya masaa, na hujui migebuka miwili ni masaa mangapi. Pili, hujadai bado, na anayejilipa kabla ya kudai hawezi kusema amenyimwa. Na tatu, ndilo linaloniumiza zaidi: samaki wakipungua jikoni, wa kwanza kushikwa ni yule binti mdogo wa kuosha vyombo. Nami ujanani nimeshika mwiko wa pilau kwenye maulidi, najua lawama ya jikoni huteremkia wapi.

Wala usilipize kwa kuzubaa kazini au kumsainia mwenzako aliyechelewa. Suratul Mutaffifin inamgusa mpunja wa kila upande.

Kusema si kusengenya, iwapo unamwambia anayeweza kukuondolea dhuluma. Imamu Nawawi ameihesabu hiyo katika mambo 6 yanayoruhusu kumtaja mtu kwa ubaya. Ukiyapeleka kwenye foleni ya maji ili watu wacheke, hapo umetoka kwenye ruhusa.

Fanya hivi. Nunua daftari dogo, kila siku andika saa ya kuingia na saa uliyoacha sufuria, wenzako wawili washuhudie. Mwendeeni mwenye mali, si msimamizi, huenda hajui. Nendeni wengi, maana mmoja hunyimwa zamu ila watano watamwachia jiko tupu siku ya harusi. Akikataa, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na madai ya namna hii hupelekwa ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze, msikae mkisubiri huruma.

Na ile migebuka ya Jumapili, iandike kwenye daftari hilo hilo kwa bei ya sokoni Kibirizi. Siku mtakapokaa kuhesabiana, mwambie mwenye mali uliichukua, aikate kwenye masaa yako au akusamehe.