Kabla ya Kujenga Faiba ya Kukodisha Tabora–Kigoma, Tembea Njia kwa Miguu

Machi moja, masika yamekolea, kijiko cha mkandarasi wa barabara kilikuwa kinazibua kalavati magharibi ya Kaliua. Kilizama kwenye tope, kikaibuka na mabomba mawili ya kebo za faiba yananing'inia. Mteja wetu alikuwa amekodi jozi mbili za nyuzi zisizowashwa, yaani kioo kitupu ambacho yeye mwenyewe hufunga mitambo yake na kupitisha mwanga wake. Jozi moja ilikuwa njia kuu, nyingine ya akiba. Kwenye mchoro moja ilipita kulia kwa barabara, ya pili kushoto. Pale kalavatini zilikuwa zimelazwa mtaro mmoja. Aliyejenga zamani alibana gharama ya kuvuka mara mbili, na mchoro ukaachwa ulivyo.

Tuliunga chini ya turubai hadi saa nne usiku. Bluu kwa bluu, chungwa kwa chungwa, kijani kwa kijani, uzi mwembamba kama unywele, na mkono ukitetemeka kidogo unakata ncha na kuanza upya. Kwa kuwa kebo zilikazwa bila ziada, kila moja ilidai kipande cha kuongezea, na maungio mawili badala ya moja. Tangu siku hiyo sikubali shimo la maungio lisilo na mita 20 za kebo zilizokunjwa ndani. Mkandarasi atalalamika kuhusu bei. Msikilize, kisha mwambie aziache hizo mita 20.

Kulipokucha, mzee mwenye shamba la jirani alikuja kutazama. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu. Haya maji yalihama tangu walipoinua tuta la barabara. Mngeniuliza, ningewaambia msipite hapa." Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tembea njia nzima kwa miguu, uzungumze na wenye mashamba, na kila unapovuka mto au kalavati upime mwenyewe. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ongeza umakini, maana huvimba masika na kupasuka kiangazi, na bomba lisilofukiwa vizuri huvutwa. Kisha mpe mteja ramani ya kweli, hata pale inapokuaibisha. Mtandao wazi, yaani ule ambao kampuni yoyote hukodi kwa masharti yale yale, unaanzia hapo.

Jambo la pili husahaulika na wengi wanaokuja na mtaji. Mwanga wa nanomita 1550, urefu wa wimbi unaotumika kwenye faiba za masafa marefu, hupoteza takribani desibeli 0.2 (kipimo cha kupungua kwa nguvu) kila kilomita. Reli ya Tabora hadi Kigoma ni kama kilomita 400, hivyo ukifuata mkondo wake umepoteza desibeli 80 kabla hujahesabu maungio. Mwanga huo haufiki bila kuongezewa nguvu kila kilomita 80 hadi 100. Ukimkodisha mtu nyuzi bila kumpa nafasi ya kuweka vikuza mwanga Urambo, Kaliua, Nguruka au Uvinza, umemuuzia kioo cha kufukia ardhini. Vyumba vidogo vya vikuza hivyo, pamoja na betri zake za volti 48 na jenereta, viwe sehemu ya mkataba ule ule, kwa bei ile ile kwa kila mteja. Vibali vya hifadhi ya barabara na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, vianze mapema. Sina la kuongeza hapo.

Sasa chumba cha mjini Kigoma, ambamo kampuni hupanga raki, yaani makabati ya mitambo, na kuunganishwa wao kwa wao. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mwenye jengo alipangisha raki na papo hapo akauza intaneti. Mpangaji mmoja, mshindani wake, aliomba waya wa kumuunganisha na jirani yake, mita 15 tu, raki hadi raki. Alisubiri wiki sita. Hakuna aliyemkatalia, kila siku palikuwa na sahihi moja iliyobaki. Siku ile nilielewa kwamba mwenye njia asishindane na wapitao juu yake. Kama unataka kuuza intaneti, uza intaneti, na chumba kishikwe na mtu mwingine. Andika kwenye mkataba siku za kuunganisha wapangaji na fidia zikipita. Jenga milango miwili ya kuingizia kebo, pande tofauti za jengo, ili kampuni yoyote iingie bila kumuomba mwenzake.

Kwa nini chumba hicho kiwe Kigoma, wakati Dar es Salaam pana kituo cha kubadilishana intaneti, mahali watoa huduma hupeana data moja kwa moja, tangu 2004? Kwa sababu kama watoa huduma wawili wa Kigoma wanakutana Dar tu, ujumbe wa mtu wa Mwanga kwenda Ujiji, sehemu mbili za mji huo huo wa Kigoma, husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Ucheleweshaji ni sehemu ndogo sana ya sekunde, hilo halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba kijiko kikikata kebo Morogoro, na njia nyingine haipo, Mwanga na Ujiji hawasikilizani, ilhali mtu anaweza kutoka huku kwenda kule kwa bodaboda.

Mteja yule wa kalavati hakuondoka. Alidai jozi ya akiba ipite kaskazini, Kigoma, Kasulu, Kibondo hadi Nyakanazi, na kabla ya kusaini alitaka aoneshwe njia yenyewe. Tulikwenda naye, tukishuka kwenye gari kila kalavati, yeye akiwa na kalamu na mchoro, mimi na futi ya kupimia.